Magazeti ya katuni si ya kufungia maandazi

Juma hili, ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, nataka tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona ni la kitoto. Nalo ni hadithi za katuni, zile tulizozisoma tukiwa wadogo huku tumezificha ndani ya daftari la Hesabu, na ambazo leo watu wazima wenye mvi wanazitafuta tena kama mtu aliyepoteza cheti cha kuzaliwa. Swali langu ni hili: hadithi hizo zitunzwe katika karatasi, au zitiwe kwenye simu na kompyuta, karatasi iende zake?

Wapo watakaosema jibu ni jepesi. Simu haina mchwa, haina mende, na katika simu moja unaingiza magazeti ambayo yangejaza chumba kizima. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini historia ya magazeti haya, ya kwetu na ya wenzetu, ina neno la kuongeza, na ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Tuanze nyumbani. Kwa majirani zetu wa Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, naye akawa mkazi wa kudumu wa gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi. Jina lenyewe ni kichekesho. Kalulu, kwa Wachewa na makabila mengine ya kusini kwetu, ni sungura. Sungura wa ngano zetu siku zote ni mjanja, lakini huyu wa Gitau akawa juha. Mwaka 1973, pale pale Nairobi, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha gazeti la Joe, la Kiingereza, lililomcheka mtu wa mjini mwenye mshahara mdogo na matatizo makubwa.

Kwetu Dar es Salaam, gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, kazi ya mkono wa Christian Gregory. Wazee wetu husimulia kwamba wapo waliokuwa wakinunua gazeti lile, wakamtazama Chakubanga kwanza, kisha ndipo wakarudi ukurasa wa mbele kusoma hotuba.

Halafu alikuja Spear. Kijana wa leo halijui jina hilo, lakini mwulize babu yake, utaona macho yanavyong'aa. Lance Spearman alikuwa mpelelezi Mwafrika, mwenye kofia, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni na gari aina ya Corvette Stingray. Hakuchorwa. Alipigwa picha, na maneno yakaandikwa juu ya picha, kama sinema iliyotiwa kwenye karatasi. Gazeti lake liliitwa African Film, likitolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilisomwa Lagos, Accra, Nairobi na Dar es Salaam. Msaidizi wake Sonia, kijana Lemmy na Kapteni Victor walijulikana mitaani kama majirani.

Watanzania hawakukaa kutazama tu. Faraji Katalambulla, yule mwandishi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti letu la picha, Film Tanzania, lenye sura zetu, mitaa yetu na Kiswahili chetu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likazaliwa Sani. Waanzilishi wake walikuwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina la gazeti lilipatikana kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majina yao. Humo waliishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na mtoto mtundu Madenge. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wa mwanzo waliolipa gazeti lile sura yake, alifariki mwaka 1986. Alikufa mapema, lakini watoto wa rika langu tuliendelea kucheka kwa mkono wake kwa miaka mingi bila hata kumjua jina.

Mimi ni wa kizazi cha Sani. Spear ni ya kizazi cha baba zangu. Nimeyasoma yote mawili tena mwaka huu, na nakiri kwamba kusoma mara ya pili si sawa na kusoma mara ya kwanza. Utotoni nilimshangilia Madenge kwa utundu wake. Leo, nikiwa na watoto watatu nyumbani, namwonea huruma mzazi wake. Spear nilikuwa nikiambiwa ni ngumi na bastola. Nikimtazama sasa naona jambo jingine. Kampuni iliyomtoa ilikuwa na mizizi Afrika Kusini, nchi ambayo wakati ule Mwafrika alihitaji kitambulisho cha kumruhusu kutembea mjini. Na mchezaji aliyekuwa Spear, Jore Mkwanazi, alikuwa Mwafrika wa nchi hiyo hiyo. Ndani ya karatasi aliendesha gari la fahari na kuwakamata wahalifu, nje ya karatasi sheria ilimhesabu mtu wa daraja la chini. Hayo mtoto hayaoni. Ndiyo maana magazeti haya yanastahili kusomwa tena, na ili yasomwe tena, hapana budi yawepo.

Je, yapo? Hapo ndipo penye msiba.

Karatasi ya gazeti ni karatasi dhaifu. Hutengenezwa kwa kusaga mti mzima mzima, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho lignini, ambacho kikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano. Tindikali iliyomo huendelea kuila karatasi kidogo kidogo hadi inakatika kama bisi. Ongeza joto la pwani yetu, unyevu wa masika na mchwa. Kisha ongeza adui mkubwa kuliko wote, ambaye ni sisi wenyewe. Gazeti la jana kwetu ni la kufungia maandazi, karanga na vitumbua. Hatukuona ubaya, maana nani angefikiri kwamba Ndumilakuwili ni historia?

Wenzetu nao walifanya hivyo hivyo. Mwaka 1938 huko Marekani lilitolewa toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10, na zilichapwa nakala zipatazo laki mbili. Watoto walisoma, mama zao wakatupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zikasagwe upya kwa ajili ya vita, na magazeti ya katuni yakaenda kwa marobota. Leo nakala zinazojulikana kubaki zinakadiriwa kuwa kama mia moja tu. Aprili mwaka 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Sisemi kwamba Sani yako itakupa nyumba, ndugu msikilizaji. Nasema kwamba kitu kikitupwa na wote, anayekitunza peke yake ndiye anayebaki na ushahidi.

Na yupo Mmarekani mmoja ambaye kisa chake kingefaa kufundishwa katika vyuo vyetu vya habari. Aliitwa Bill Blackbeard, mkazi wa San Francisco. Katika miaka ya 1960 alitaka kuandika historia ya katuni za magazetini. Akagundua kwamba maktaba kubwa za nchi yake zilikuwa zikiyapiga picha magazeti ya zamani kwenye mikrofilamu, kisha zinayaondoa magazeti yenyewe. Hoja yao ilikuwa ile ile tunayoisikia leo: karatasi inakula nafasi, karatasi inaoza, picha inatosha. Lakini mikrofilamu zile zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, wakati kurasa za katuni za Jumapili zilichapwa kwa rangi nzuri mno. Picha ilibaki, rangi ikapotea.

Blackbeard akataka apewe magazeti yale. Akaambiwa maktaba haiwezi kumpa mtu binafsi. Basi akaandikisha taasisi isiyo ya faida, akaiita San Francisco Academy of Comic Art, na akaanza kuyakusanya kutoka maktaba mbalimbali za nchi. Nyumba yake ikajaa magazeti toka sakafuni hadi darini. Mwaka 1997 hazina yake ilipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ilihitaji malori sita makubwa, na uzito wake ulikuwa tani 75 hivi. Blackbeard alifariki mwaka 2011. Katuni nyingi za zamani ambazo Wamarekani wanazisoma leo katika vitabu vizuri vya rangi zilipatikana kwa sababu ya mtu huyo mmoja aliyekataa kusikia kwamba picha inatosha.

Kuna faida nyingine ya karatasi, nayo inatugusa sisi Waafrika kwa karibu. Mchoraji Mbelgiji aliyejiita Hergé, jina lake la kweli Georges Remi, alichora hadithi ya Tintin aliyekwenda Kongo. Ilitolewa gazetini mwaka 1930 na 1931, kisha ikawa kitabu. Kongo wakati ule ilikuwa koloni la Ubelgiji, na Wakongo humo wamechorwa kwa dharau, kama watoto wasiojua kitu. Katika ukurasa mmoja Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé aliichora upya hadithi hiyo kwa rangi, na somo lile likabadilishwa likawa somo la hesabu za kujumlisha.

Sasa fikiri. Lau nakala zote za kwanza zingetoweka, mjukuu wa yule mtoto wa Kikongo angeambiwa kwamba Tintin alikwenda kufundisha hesabu tu. Nani angebisha, na kwa ushahidi gani? Lakini nakala za mwaka 1931 zilibaki katika makabati ya watu, na mwaka 1973 hadithi ya zamani ikachapwa tena kama ilivyokuwa. Karatasi ikishatoka kiwandani, mwenye kuichapa hawezi kuifuata nyumbani kwako usiku aibadilishe maneno.

Je, kitabu kilichomo katika simu nacho hakifuatwi? Mwaka 2009 kampuni ya Amazon iligundua kwamba vitabu viwili vya George Orwell vimeuzwa katika duka lake na mtu asiye na haki ya kuviuza. Ikavifuta kutoka ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, wakarudishiwa fedha. Wateja walilala na kitabu, wakaamka hawana. Kwa upande wa katuni, wachapishaji wa Japani walianzisha duka la mtandaoni lililoitwa JManga mwaka 2011. Mwaka 2013 wakalifunga, na hadithi ambazo watu walizinunua zikafungwa pamoja nalo, kwa kuwa hazikuwa zimeruhusiwa kushushwa na kuhifadhiwa nyumbani. Na duka kubwa kuliko yote la katuni za kidijitali, comiXology, lililoanzishwa mwaka 2007, lilinunuliwa na Amazon mwaka 2014. Mwaka 2022 likabadilishwa na kuingizwa ndani ya Kindle, na wasomaji wengi wakalalamika kwamba makusanyo yao waliyoyapanga kwa miaka yamevurugika.

Kumbe basi mtu hununua ruhusa ya kutazama, akadhani amenunua kitabu. Tofauti hiyo haionekani siku ya kulipa. Huonekana siku duka linapofungwa.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Katika ukoo wetu tulilazimika kuyaamua mwaka huu. Baba yangu mdogo, ambaye maisha yake yote alikuwa karani, alifariki na kuacha masanduku mawili ya bati huko Temeke. Ndani yake mna Spear, Film Tanzania na Sani, zilizofungwa kwa kamba kwa mwaka. Mama mdogo anahitaji chumba kile akipangishe. Nilipokwenda kumwona alinieleza bila kuzunguka:

“Mwanangu, karatasi haziliwi. Chumba kinaliwa. Kodi yake ndiyo dawa zangu za presha.”

Muuza maandazi wa mtaa alikwisha kupima kwa macho na kutaja bei ya kilo. Mpwa wangu, kijana wa kompyuta, naye akaleta shauri lake.

“Mjomba, nipe wiki mbili. Nitapiga picha kila ukurasa. Yote yataingia kwenye kitu kidogo kama kidole. Kisha bibi auze karatasi, apate hela na chumba.”

Sikuweza kumbeza. Kijana anasema kweli kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliyolikumba bonde la Msimbazi yalisomba vitu vya watu visivyokuwa na nakala mahali popote. Karatasi moja, katika nyumba moja, ni roho mkononi. Na ni kweli pia kwamba kurasa zile zikipigwa picha zitasomwa na watu mia bila kuguswa na vidole mia. Basi tukakubaliana aanze.

Alipomaliza fungu la kwanza, picha zilikuwa safi, hadithi inasomeka vizuri kuliko kwenye karatasi yenyewe. Lakini ili hadithi ijae kwenye kioo cha simu, alikuwa amekata pembezoni. Na baba mdogo alikuwa na desturi ya kuandika pembezoni. Kila aliyeazima Spear aliandikwa jina na tarehe, na akirudisha jina linapigwa mstari. Jina moja lilirudiwa mara nyingi kuliko mengine yote. Lilikuwa jina la msichana wa nyumba ya tatu, yaani mama mdogo mwenyewe kabla hajaolewa. Tulipomwonyesha alivaa miwani, akasoma tarehe moja moja, kisha akasema, “Hii ya mwisho sijairudisha.” Ni kweli, haikupigwa mstari.

Muuza maandazi hakurudi tena kuuliza. Siku ile ile tuliamua hivi: mpwa wangu apige picha upya, ukurasa mzima toka ukingo hadi ukingo, pamoja na majalada, matangazo, bei na anuani za S.L.P. Masanduku yamehamia kwangu, ambako mke wangu ameyapa nafasi chini ya kitanda kwa masharti ambayo sitayatangaza redioni. Chumba kimepata mpangaji. Ile Spear isiyorudishwa anayo mwenye deni lake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, shauri langu si kwamba tuikimbie simu. Tusomee kwenye simu, tutunze katika karatasi. Mwenye magazeti haya asiyaweke sakafuni, bali juu ya mbao au ndani ya sanduku, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Ayalaze, asiyasimamishe wala kuyakunja. Ayafungue mara kwa mara kuangalia mchwa. Akiyapiga picha, apige yote bila kukata kitu, na nakala za picha ziwe angalau sehemu mbili, katika nyumba mbili. Na akishindwa kabisa kuyaweka, kabla ya kumwita mnunuzi wa kilo, aende akaulize Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuuliza si ujinga.

Nina neno pia kwa wenye magazeti na wenye haki za michoro hii. Chapeni upya. Wafaransa wanamsoma Asterix, aliyeanza mwaka 1959, hadi leo, kwa sababu vitabu vyake havikuacha kuchapwa. Mtoto wa Kitanzania anamjua Superman wa mwaka 1938 lakini hajapata kumwona Chakubanga. Hilo si kosa la mtoto. Hajawekewa mezani.

Wanahistoria wa kesho watakapotaka kujua tulivaaje, tulisemaje na tulimcheka nani katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, hotuba watazipata, maana hotuba hazikosi mahali pa kukaa. Kicheko chetu ndicho hakina kabati. Kimekaa katika masanduku ya bati, juu ya dari na chini ya vitanda, na kila mwezi fungu moja linakwenda kufungia maandazi. Angalia chini ya kitanda chako leo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.